Tiyo za shodiere: juu ya nini zinapasuka?

Wandugu wa koperative, kama munapika mafuta ya ngazi ao sabuni kwa mvuke, shodiere njo roho ya kazi. Tiyo moja ikipasuka, ngazi zinaoza zikingojea, na mvuke unaweza kuua mutu mwenye kusimama karibu.

Wengi wanasema: "Presio ilipita kipimo." Inafikaka, lakini mara mingi tiyo ilianza kuharibika zamani.

Moto na baridi. Chuma ikipata moto inarefuka. Tiyo ya metre 3 ikipanda digri 150, inaongezeka milimita 5 hivi. Mukiwasha moto mukali kwa haraka, tiyo zinarefuka mbele mwili wa shodiere upate moto. Ncha zake zimefungwa, hazina pa kwenda. Jioni zinapoa, zinavutana. Kila siku vile, mwisho ufa mudogo unazaliwa, zaidi pale tiyo inaungwa. Ni kama waya wa kukunja na kukunjua: haukatike siku ya kwanza.

Maji ya kwetu. Huku Kolwezi shaba inakaa mu majiwe ya dolomia. Maji ya kisima yenye kupita mule yanabeba chokaa. Munaionaka mu birika, ganda nyeupe. Mu shodiere ganda ile inazuia moto kufika mu maji, chuma inabaki na moto yote. Ikipita digri 500 hivi, nguvu yake inapunguka, tiyo inavimba, kiisha inapasuka.

Mufanye hivi:

1. Washeni moto polepole.
2. Maji yakishuka chini ya alama ya kioo, zimeni moto, watu watoke, mungoje ipoe. Musitie maji baridi mu shodiere yenye moto: maji yakigeuka mvuke, mu hewa ya kawaida, yanapanuka mara 1.600 hivi.
3. Kila siku mutoe maji machafu ya chini, vile fundi alionyesha. Fundi apime maji ya kisima na kusema dawa ya chokaa.
4. Supape ya usalama, musiifunge wala kuiwekea uzito.
5. Mukiona tone ao alama nyeupe pale tiyo inaungwa, simamisheni kazi. Musisudie wakati presio iko ndani. Fundi aijaribu na maji baridi mbele ya kuwasha tena.

Muandike mu kaye tarehe ya kila tone na ya kila kusafisha. Fundi akifika, ataanzia pale.