Dagahaley: Jina la silabi tatu linalosomwa kwa silabi nne

MSOMAJI wa Kiswahili anayekutana na jina Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa, hulitamka kwa silabi nne: Da-ga-ha-ley. Mkazo, kwa desturi ya Kiswahili, huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani 'ha'. Kwa Msomali, silabi hiyo haipo kabisa. Kwake jina ni Dhagaxley, dha-gax-ley, yaani mahali penye mawe. Herufi 'x' husimamia sauti ya kooni iliyo karibu na 'h', nayo hufunga silabi. Kiswahili hupendelea silabi ziishie kwa irabu, hivyo 'a' ikachomekwa na silabi mpya ikazaliwa.

Jina Elwak, mji ulioko Mandera, limepata madhara zaidi. Ni neno ambatani: 'ceel', kisima, na 'Waaq', jina la kale la Mungu miongoni mwa jamii za Kikushi. Ramani nyingi huandika El Wak, utadhani 'El' ni ile 'al' ya Kiarabu. Kisima kimepotea katika maandishi, tena katika nchi kame ambako ndicho kilichouzaa mji.

Maneno yanapoungana, Kiswahili huhamisha mkazo. 'Mwana' likiwa peke yake hukazwa mwanzoni, lakini katika 'mwanafunzi' mkazo hukimbilia 'fu'. Mara chache mkazo hubadili maana: 'barabara' ya kupitia magari hukazwa silabi ya tatu, na 'barabara' ya kusema sawasawa hukazwa ya pili.

Jambo hilo, ambalo kwetu ni nadra, kwa Kisomali ni la kila siku, ingawa huko sauti hupandishwa zaidi kuliko kukazwa. 'Inan' ikipandishwa mwanzoni ni mvulana. Ikipandishwa mwishoni ni msichana. 'Dibi' ya kupanda mwanzoni ni fahali mmoja, ya kupanda mwishoni ni mafahali wengi. Katika soko la mifugo la Garissa, mnunuzi mgeni asiyeisikia tofauti hiyo hana budi kuuliza idadi.

Maandishi ya Kilatini yaliyoidhinishwa nchini Somalia mwaka 1972 hayaonyeshi kupanda huko. Msomaji husaidiwa na kiambishi cha mwisho: 'dibiga' ni yule fahali mmoja, 'dibida' ni wale wengi.