Mjadala wa Redioni na Lugha ya Msikilizaji

Tarehe 25 Februari 2002, siku yalipofunguliwa Mazungumzo baina ya Wakongomani huko Sun City, Afrika ya Kusini, Redio Okapi ilianza kutangaza kwa lugha tano: Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Tshiluba na Kikongo. Hata hivyo, kipindi chake mashuhuri cha majadiliano, Dialogue entre Congolais, huendeshwa kwa Kifaransa. Yaani msikilizaji wa Kalemie hupewa habari kwa lugha yake, lakini hoja juu ya habari hizo hujengwa katika lugha ya shule.

Tuchukue mfano mmoja. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinaamuru kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ibakie majimboni. Anayetaka kuuliza fedha hizo ziko wapi hana budi kulitambua kwanza neno «rétrocession». Asiyelitambua hunyamaza, na mtangazaji hudhani ameridhika.

Kuongeza dakika za simu hakutoshi. Simu huhitaji mtandao na uniti, na mada imekwisha kuchaguliwa studioni. Vilabu vya Dimitra, vilivyoanzishwa kwa msaada wa FAO hapa Kongo na nchini Niger, viligeuza utaratibu huo: wanakijiji huchagua mada, hujadiliana, maoni yao hurekodiwa na kutangazwa, kisha kijiji kingine hujibu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo njia ya kesho. Kuna na faida nyingine, isiyo ndogo katika Kivu, ambako wanahabari wawili wa Redio Okapi, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa mjini Bukavu mwaka 2007 na 2008: jina lililotamkwa kwa bahati mbaya laweza kuondolewa kabla ya kutangazwa, jambo lisilowezekana katika kipindi cha moja kwa moja.

Swali la Kiswahili kipi kitumike litaulizwa, hasa na sisi walimu. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilikwisha kulijibu zamani kwa michezo yake ya redio na televisheni, iliyochezwa kwa Kiswahili cha mji huo. Kiswahili sanifu kibaki katika taarifa ya habari. Katika mjadala kila mtu aseme kama asemavyo nyumbani. Idara zetu zingeweza kuanza na kazi ndogo: kusikiliza rekodi za majadiliano ya vijijini, kuorodhesha maneno ambayo watu wenyewe huyatumia kwa kodi, bajeti na madaraka ya jimbo, kisha kuwapa watangazaji orodha hiyo.