Giaboksi za Subaru: Faida imo kwenye seti kamili

WAFANYABIASHARA wanaoagiza vipuri vilivyotumika kutoka Japani wana bidhaa moja inayoweza kuwapa faida nzuri au kuwafungia mtaji kwa miezi mingi. Bidhaa hiyo ni giaboksi ya mkono ya magari ya Subaru yenye tabo. Kinachotofautisha faida na hasara ni vifaa vinavyoambatana nayo kuliko giaboksi yenyewe.

Wateja wake wanajulikana kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Ni wenye magari aina ya Impreza WRX, Forester na Legacy ambao wameongeza msukumo wa tabo ili gari likimbie zaidi. Kuongeza nguvu ya injini ni rahisi. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo lazima ipite kwenye klachi na giaboksi ambazo hazikuundwa kwa kiwango hicho.

Klachi ndiyo hulalamika kwanza. Dalili yake ni injini kupanda mzunguko huku gari halikazi mwendo, hasa kwenye mlima au gia za juu. Mteja hukimbilia dukani kununua klachi kali zaidi, na muuzaji hufurahi. Lakini klachi inayoteleza ni kama fyuzi: hupunguza mshindo unaoifikia giaboksi. Ikiwekwa ngumu mno, mshindo wote huishia kwenye meno ya gia. Subaru huvuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo matairi hayatelezi kirahisi kuupunguza mshindo huo. Ndiyo maana giaboksi ya gia tano ya WRX ina sifa ya kukatika meno kwa dereva anayeondoka kwa fujo.

Kwa gari lililoongezwa nguvu kidogo, diski ya kawaida yenye presha pleti ngumu kiasi hutosha. Diski zenye vipande vya shaba na kauri hushika sana, lakini hutetemesha gari kwenye foleni na kula flaiwili. Si mali ya kujaza dukani, kwani wanunuzi wake ni wachache.

Anayetaka nguvu nyingi huhamia giaboksi ya gia sita ya WRX STI, iliyoanza kufungwa kwenye magari hayo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni imara zaidi, nayo hutumia klachi ya milimita 240 badala ya 230 ya WRX. Hapa ndipo wenye mtaji mdogo hunaswa. Huagiza giaboksi tupu kwa sababu ni nafuu, kisha hugundua kwamba mnunuzi anahitaji pia klachi na flaiwili yake, stata, propela, kiunzi cha kuishikilia na mara nyingi difu ya nyuma pamoja na shafti zake. Vifaa hivyo vikitafutwa kimoja kimoja, mteja hughairi na giaboksi hubaki rafuni.

Difu ndiyo yenye hatari kubwa. Difu ya mbele ya Subaru imo ndani ya giaboksi. Uwiano wake lazima ulingane na ule unaofika nyuma. Vinginevyo magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana, na difu ya katikati huungua. Magari ya Subaru yametoka na uwiano tofauti, ukiwamo 3.900, 4.111 na 4.444. Kwa macho, giaboksi mbili zenye uwiano tofauti zinaweza kufanana kabisa.

Kinga yake ni ndogo. Kabla ya kulipa, mwagizaji adai picha ya kibati cha gari kilicho ndani ya boneti, chenye namba ya giaboksi, na picha ya karatasi iliyo kwenye giaboksi yenyewe. Namba za gia sita huanza na TY856. Difu ya nyuma hupimwa kwa kuzungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja na kuhesabu mizunguko ya propela. Oili iliyomwagwa ikitoka na vipande vya chuma, mzigo huo uachwe.

Kwa mwekezaji mdogo hesabu ni hii: mali hununuliwa kwa yeni, husafirishwa kwa dola na huuzwa kwa shilingi. Kila mwezi inapokaa rafuni, sarafu hizo zinaweza kumgeuka. Seti moja kamili iliyotolewa kwenye gari moja humgharimu zaidi siku ya kununua, lakini ina mnunuzi. Giaboksi tatu tupu zinaweza kumaliza mwaka zikisubiri difu.