“Osiris Fulani”: Tatizo la Tafsiri katika Sanamu za Mbao za Misri ya Kale

Miongoni mwa vitu ambavyo Wamisri wa kale walizikwa navyo mna sanamu ndogo za mbao ziitwazo na wataalamu Ptah-Sokar-Osiris. Zilienea hasa katika karne za mwisho za mafarao na katika zama za wafalme wa ukoo wa Ptolemy (305–30 K.K.). Makala haya yanakusudia kuzieleza kwa ufupi, kisha kujadili tatizo linalomkabili mfasiri wa maandishi yake.

Sanamu ya namna hii humwonyesha mungu amesimama juu ya kitako cha mbao, mwili umekafiniwa kama maiti, na kichwani amevaa taji lenye manyoya mawili marefu. Baadhi zilitobolewa uwazi, kiwiliwilini au kitakoni, ili kuhifadhi mafunjo yenye maandishi ya dini. Jina lake limeunganisha majina matatu: Ptah, mungu wa mafundi na wa mji wa Memphis; Sokar, mungu wa makaburi ya mji huo; na Osiris, bwana wa wafu.

Aghalabu sanamu hizi huwa na mistari ya hieroglifu, na humo neno Osiris laweza kutumika kwa namna mbili. Kwanza, ni jina la mungu. Pili, hutangulia jina la mtu aliyekufa: “Osiris fulani”. Je, yafaa matumizi haya ya pili yafasiriwe “marehemu fulani”?

Kisarufi, pendekezo hilo lina nguvu, kwani maneno yote mawili hutangulia jina la mfu. Kimaana, yanaachana. Marehemu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mwenye kurehemiwa. Yaani kiumbe anayehitaji huruma ya Mola wake. “Osiris fulani”, kinyume chake, humhesabu mfu kuwa amejiunga na mungu yule aliyeuawa kisha akapata uhai tena. Mfasiri achaguaye “marehemu” atapata Kiswahili laini, lakini atakuwa amempokonya Mmisri imani yake na kumvika nyingine.

Hivyo basi, ni afadhali jina libaki lilivyo, na maelezo yafuate. Kanuni hii yatuhusu sisi pia tufasirio matambiko ya lugha zetu za Kiafrika: neno lililozoeleka si lazima liwe ndilo lililokusudiwa.