Kwilu: Huko Lusanga, sanamu za kakao zinarudisha mashamba mikononi mwa wakulima

Wakulima wa Lusanga, katika jimbo la Kwilu, magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wana kazi mbili: jembe na sanamu. Wanafinyanga watu na roho za mababu kwa udongo wa mtoni. Umbo hilo linapigwa picha za kompyuta, linatengenezewa kalibu, kisha linatolewa upya kwa kakao na mafuta ya mawese. Sanamu zinauzwa Ulaya na Marekani, na feza inarudi kijijini kununua ardhi.

Chama chao kinaitwa Cercle d'art des travailleurs de plantation congolaise, kwa kifupi CATPC. Kilizaliwa mwaka 2014, kwa ushirikiano na msanii Mholanzi Renzo Martens. Rais wake wa kwanza, René Ngongo, ni mwanabiolojia mzaliwa wa Goma, aliyepata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2009 kwa kutetea misitu ya Congo.

Ardhi iliyochoka

Lusanga iliitwa zamani Leverville, kwa jina la Mwingereza William Lever, mfanyabiashara wa sabuni. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa haki ya kuvuna ngazi katika maeneo makubwa ya Congo, pamoja na hapo ambapo mto Kwenge unaingia Kwilu. Wakaaji walilazimishwa kupanda mingazi na kukata ngazi kwa malipo madogo sana. Mwaka 1931 Wapende waliasi, wakamuua afisa Mbelgiji Maximilien Balot. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa bunduki, na mamia ya Wapende walikufa.

Kampuni ilipopunguza kazi na kuondoka, iliacha udongo uliochoka kwa zao moja. Hiyo ndiyo shida ya plantesheni popote: mtu anashinda shambani mchana kutwa, jioni anatafuta feza ya kununua unga.

Shamba lenye kila kitu

Kwenye ardhi iliyonunuliwa, ambayo chama kinasema imepita hekta 200, hawarudii zao moja. Wanachanganya miti na chakula. Mama yeyote wa Masisi au Walikale anaujua utaratibu huu. Ndizi zinampa kivuli mche wa kakao ungali mdogo. Muhogo na maharagi vinalisha nyumba wakati miti inakua. Majani yanayoanguka yanaoza na kuwa mbolea.

Majira ndiyo yanayopanga kazi. Kule Kwilu kiangazi kinashika kuanzia Juni, na mvua inarudi Septemba. Hapo ndipo miche inaingia ardhini. Mkakao unangoja miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa vizuri. Sanamu inauzwa mara moja tu, lakini mti uliopandwa kwa feza yake utazaa miaka mingi, na sombe ya shambani humo inapikwa bila kungoja mnunuzi wa New York.

Kwa hiyo wasanii hawa wanahesabu bustani kuwa sehemu ya kazi yao ya sanaa. Sanamu ya Ced'art Tamasala, «Jinsi babu yangu alivyopona», inasimulia habari za plantesheni. Shamba jipya ndilo jibu lake.

Kutoka Lusanga hadi Venice

Mwaka 2017 kazi zao zilionyeshwa New York. Mwaka huohuo nyumba nyeupe ya maonyesho ilifunguliwa Lusanga kwenyewe, katikati ya ardhi ya zamani ya Lever. Mwaka 2024 Uholanzi iliwapa nafasi yake kwenye maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Wakati huohuo sanamu ya mbao ya Balot, iliyochongwa na Wapende kufunga roho yake ya hasira, ililetwa Lusanga kutoka jumba la makumbusho la Virginia, Marekani. Ililetwa kwa mkopo tu.

Maswali yanabaki. Wapo wanaouliza kwa nini sauti ya wakulima wa Congo ilihitaji mlango wa Mzungu ili isikike, na itakuwaje siku matajiri wa Ulaya watakapochoka na sanamu za kakao. Maswali hayo ni ya haki. Lakini siku hiyo ikifika, ardhi itakuwa na hati na miti itakuwa imekomaa.

Jambo hili linatuhusu na sisi wa mashariki. Kakao ya Beni na Mambasa inalimwa kwa jasho, na mara nyingi kwa damu, wakati wa mavuno. Karibu yote inatoka ikiwa mbegu kavu, na wengi wanaoilima hawajawahi kuonja chokoleti. Watu wa Lusanga walichukua zao lilelile, wakalipa sura ya mababu zao, kisha wakatumia faida kupanda chakula cha watoto wao.