Cheti cha Kompyuta kwa Karani wa Utumishi: Je, Thamani Yake Yalingana na Bei?

Katika ofisi za utumishi za majeshi na za polisi, lile jalada la zamani la askari, lililobeba maisha yake yote ya kazi tangu siku ya kuandikishwa, linaondoka polepole, na mahali pake panaingia kompyuta. Mabadiliko hayo yamezaa biashara mpya. Karani wa unifomu aliyekaribia kustaafu huambiwa ya kwamba akiwa na cheti cha SAP, cha Oracle au cha Workday, basi siku atakapovua sare atapokewa na makampuni makubwa kwa mikono miwili. Huambiwa pia bei, na bei yenyewe si ya mchezo. Kozi kamili chini ya mwalimu aliyeidhinishwa hufika dola elfu kadhaa, na mtihani peke yake ni dola mia kadhaa. Kwa koplo au konstebo hayo ni mapato ya miezi mingi. Kwa anayestaafu ni fungu kubwa la kiinua mgongo, na kiinua mgongo hakitoki mara mbili.

Kwa hiyo jambo hili lastahili kupimwa kwa utulivu kabla fomu ya mkopo haijatiwa sahihi.

Kwanza na tujue vyeti hivi vilitungwa kwa ajili ya nani. SAP ni kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka wa 1972 na watu watano waliotoka katika kampuni ya IBM. Programu zake hushika hesabu za fedha, ghala, ununuzi na habari za watumishi. Katika sehemu yake ya utumishi ya tangu zamani, kila habari ya mtumishi huwekwa katika fungu lenye namba: fungu 0000 ni la matukio, kama kuajiriwa na kuacha kazi, 0001 ni mahali alipopangiwa, 0002 ni habari zake binafsi, 0008 ni mshahara wake wa msingi. Karani aliyezoea jalada la askari hatashangaa akiona hayo, kwa maana ni jalada lile lile limevaa nguo nyingine.

Walakini mtihani wa cheti aghalabu haumwulizi mtu namna ya kujaza mafungu hayo. Humwuliza jinsi ya kuitayarisha mashine: ngazi za mishahara ziwekwe vipi, idara zipangweje, kanuni ya likizo iandikwe wapi ili kompyuta iifuate. Hiyo ni kazi ya fundi anayeijenga nyumba, wala si ya mpangaji anayekaa ndani yake. Wauzaji wa kozi hawapendi kulisema wazi jambo hili. Ofisa utumishi anayetaka kuendelea kuwa ofisa utumishi, yaani kuajiri, kupandisha vyeo, kusikiliza mashauri ya nidhamu na kutayarisha mafao, ananunua kwa bei kubwa chombo cha kazi ya mtu mwingine. Yule anayetaka kuacha meza ya utumishi na kuwa fundi wa kuisimika mitambo hiyo, huyo cheti kinamhusu.

Lakini hata huyo fundi ana sharti moja juu yake, nalo ni kuzijua kanuni za mshahara na utumishi kabla ya kuijua mashine. Chukua mfano ambao kila kambi inaufahamu. Askari amepandishwa cheo kuanzia mwezi wa Januari, lakini barua yaja mwezi wa Agosti. Katikati yake alikwenda kozi, akakaimu madaraka kwa wiki sita, akakatwa mkopo, na posho ya nyumba ikabadilika kwa kuwa alihamishwa. Sasa malimbikizo yake ni kiasi gani? Kompyuta itatoa jibu kwa nukta moja, na jibu hilo litakuwa sahihi au la kipuuzi, kutegemea kama yupo mtu aliyeielekeza ni tarehe ipi itawale, kiwango kipi kitumike na makato yapi yaguswe. Karani mzee anayajua hayo bila kufungua kitabu. Kijana mwenye cheti bila miaka ya ofisini hayajui, na mashine haitamfunza.

Serikali ya Canada ililijua hilo kwa hasara. Mwezi wa Februari mwaka wa 2016 ilianza kutumia mtambo wa mishahara ulioitwa Phoenix, uliojengwa juu ya programu ya PeopleSoft. Kabla ya hapo makarani wa mishahara zaidi ya 1,000 katika wizara mbalimbali waliondolewa katika nafasi zao, na kazi ikakusanywa katika kituo kimoja cha mji wa Miramichi, jimboni New Brunswick, penye watu wachache zaidi na ambao wengi wao walikuwa wapya. Matokeo yake watumishi wengi mno walilipwa pungufu, wengine wakalipwa ziada wakadaiwa, na wengine hawakupata kitu kabisa. Mambo yaliyoleta fujo kubwa ni hayo hayo ya kila siku: kukaimu, saa za ziada, na malipo ya kurudi nyuma. Programu haikukosekana, wala mafundi wake. Waliokosekana ni wale waliozijua kanuni kwa moyo.

Majeshi nayo yamepita njia hiyo. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilijaribu kwa miaka kama 10 kujenga mtambo mmoja wa utumishi na mishahara kwa majeshi yake yote, ikatumia mamia ya mamilioni ya dola, na mwaka wa 2010 ikauvunja mradi huo. Baadaye Jeshi la Nchi Kavu likaendelea na mtambo wake lenyewe, uitwao IPPS-A, nao pia umejengwa juu ya PeopleSoft. Mwezi wa Januari 2023 ulianza kuwahudumia wanajeshi wa kudumu, wa akiba na wa ulinzi wa majimbo kwa pamoja. Yafaa tuangalie makarani wa jeshi hilo walivyojifunza: hawakutumwa kwenda kununua vyeti kwa fedha zao, bali jeshi lenyewe liliwafunza, kwa sababu mtambo ni wa jeshi. Huo ndio utaratibu wa haki. Mwajiri anayetaka mtu wake aijue mashine fulani, na agharimie.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Katika Uganda, Wizara ya Utumishi wa Umma ilitumia mtambo ulioitwa IPPS, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 ikaanza kuwahamishia watumishi katika mtambo mwingine wa HCM, ambao si SAP wala Workday. Tanzania ilikuwa ikitumia programu ya Lawson ya Marekani. Mwaka wa 2021 ikaingia katika mtambo mpya uliotengenezwa na wataalamu wa Kitanzania wenyewe. Tumfikirie mtu aliyetumia akiba yake yote kuwa bingwa wa Lawson na Lawson peke yake! Kampuni ya Lawson yenyewe ilikwisha kununuliwa na Infor mwaka wa 2011. PeopleSoft ilinunuliwa na Oracle mwaka wa 2005, na SuccessFactors ikamezwa na SAP mwaka wa 2012. Majina haya hufa na kuzaliwa upya, na cheti hufuata jina.

Hata jina linapodumu, cheti huchakaa. Programu za siku hizi za SuccessFactors na Workday hubadilishwa mara mbili kila mwaka, na cheti cha SAP chahitaji kufanywa upya kila baada ya miezi 12. Mtu asiye na mashine ya kufanyia kazi atajibu maswali ya kukihuisha akiwa hajagusa kitu tangu siku ya mtihani. Mwajiri naye hadanganyiki, kwani cheti cha SAP huthibitishwa kwenye intaneti kwa dakika chache, na ikiwa muda wake umepita ataona.

Kuhusu Workday pana tahadhari ya pekee. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 2005 na Dave Duffield, ambaye ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa PeopleSoft, pamoja na Aneel Bhusri, kwa kawaida hutoa vyeti vyake kwa wafanyakazi wa makampuni yanayoitumia programu hiyo au yanayoshirikiana nayo katika kuisimika. Mtu binafsi haendi dukani akakinunua. Basi askari akikutana na tangazo la chuo cha uchochoroni kinachoahidi cheti cha Workday kwa yeyote mwenye fedha taslimu, na aulize mara mbili ni nani anayekitia muhuri.

Isidhaniwe ya kwamba hakuna mlango kabisa. Umoja wa Mataifa una mtambo wake wa utawala ulioitwa kwa neno letu la Kiswahili, Umoja, nao umejengwa juu ya SAP. Ulianzia katika misheni za kulinda amani mwaka wa 2013. Pale Entebbe kipo kituo cha Umoja wa Mataifa, kilichoanza mwaka wa 2010, kinachoshughulikia mambo ya utumishi, mishahara na safari za misheni mbalimbali. Hapo ni mahali ambapo ujuzi wa utumishi wa kijeshi na ujuzi wa SAP vyaweza kukutana. Lakini matangazo ya kazi za namna hiyo aghalabu hutaka kwanza elimu na miaka ya kazi ya utumishi. Ujuzi wa mtambo huongeza uzito, haushiki nafasi ya hayo mawili.

Tuseme yupo sajini mwenye miaka 18 katika ofisi ya orodha na mishahara, aliyebakiwa na miaka mitatu kazini, naye ana diploma moja tu ya zamani. Kwa maoni yetu, huyo akizitia fedha zake katika cheti cha SAP leo, cheti kitakuwa kimekwisha muda mara mbili kabla hajavua sare, isipokuwa akihuishe kila mwaka bila mashine ya kufanyia mazoezi. Fedha zile zile, au pungufu yake, zingemwanzisha katika masomo ya utumishi kwenye chuo kama Taasisi ya Uongozi ya Uganda, ambayo hufundisha fani hiyo, na masomo hayo hayachakai kwa miezi 12. Akifikiria kufanya kazi Kenya, ajue ya kuwa huko sheria ya mwaka wa 2012 ya wataalamu wa utumishi ndiyo inayosimamia usajili na leseni ya kazi. Mtu aweza kuwa na vyeti vya kompyuta vitatu na bado asihesabiwe kuwa ofisa utumishi mbele ya sheria hiyo.

Mfano wa pili: koplo wa miaka 28, hodari wa hesabu, anayependa zaidi mashine kuliko mashauri ya watu, na mwajiri fulani amekwisha kumwambia kwa maandishi ya kwamba kuna kazi ya kusimika SAP. Huyo na akitafute cheti, tena upesi, na amwombe mwajiri achangie ada. Tofauti ya watu hawa wawili haimo katika akili zao. Mmoja ana mashine inayomngoja, mwingine hana.

Kwa wale walio katikati, ambao ndio wengi, ipo njia ambayo wauzaji wa kozi hawaitangazi. SAP yenyewe imeweka masomo yake mengi kwenye intaneti bila malipo. Mtu hulipia kifurushi cha simu tu, na ada ya mtihani hulipwa baadaye akiutaka. Karani aweza kusoma jioni baada ya kazi kwa miezi miwili au mitatu, akapima kama kazi hiyo ya kupanga mashine yampendeza au yamchosha. Wakati huo huo amwendee ofisa wake wa utumishi amwulize ni mtambo upi unaotazamiwa kuletwa katika kikosi au idara, nani atafunzwa, na kwa fungu lipi la fedha. Jibu la afande huyo lina uzito kuliko tangazo lolote, nalo halilipiwi.