Mwalimu wa Tiba Apimwe kwa Kipimo Gani?

Kamati ya chuo cha tiba inapoketi kumchagua mwalimu wa kutunukiwa, mezani huwekwa majalada yenye orodha ya makala, fedha za utafiti na nyadhifa. Mambo hayo huhesabika kwa urahisi. Saa alizotumia mwalimu kumwelekeza mwanafunzi namna ya kulipapasa tumbo la mgonjwa mwenye hofu hazina safu katika jalada, na kwa hiyo husahaulika. Walimu wenyewe wamekwisha kulitambua hilo. Wapo wanaoikwepa raundi ya wodi ili wapate muda wa kuandika.

William Osler aliandika sana. Kitabu chake kikubwa cha tiba, kilichotoka mwaka 1892, kilisomwa na madaktari wa vizazi kadhaa. Hata hivyo, yeye mwenyewe alitamani akumbukwe kwa jambo jingine: kwamba aliwafundisha wanafunzi wodini.

Alizaliwa Kanada mwaka 1849, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1872, na miaka miwili baadaye akawa mwalimu hapo. Ujira alioupata kwa kuhudumia wodi ya ndui aliutumia kununulia wanafunzi wake hadubini. Mwaka 1889 alikuwa daktari mkuu wa Hospitali mpya ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, na shule yake ya udaktari ilifunguliwa mwaka 1893.

Zama hizo, katika shule nyingi za Marekani, mtu aliweza kusikiliza mihadhara, kufaulu mtihani na kuitwa daktari pasipo kuwajibika kwa mgonjwa hata mmoja. Osler aliwagawia wanafunzi wa mwaka wa mwisho vitanda. Mwanafunzi alichukua historia ya ugonjwa, akachunguza mkojo, damu na makohozi, akaandika aliyoyaona, kisha akayaeleza mbele ya profesa, mgonjwa akisikia. Hakuwa mtazamaji tena. Alilosahau kuliuliza lilionekana kesho yake, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba homa imepanda. Hivyo wodi nayo ilifaidika, jambo ambalo hospitali zinazowaona wanafunzi kuwa usumbufu hazina budi kulitafakari.

Utaratibu huo haukuwa uvumbuzi wake. Hospitali za Uingereza ziliutumia tangu zamani. Lakini aliufanya kuwa kiini cha mtaala, akausimamia kila siku, na wanafunzi wake wakaupeleka kwingineko. Uongozi wake ulikuwa hapo: mambo yaliendelea baada ya yeye kuhamia Oxford mwaka 1905. Kwa upande wa ukarimu, baadhi ya vijana walikuwa na funguo za nyumba yake, wakaingia kusoma vitabu watakavyo.

Hakuwa malaika. Katika hotuba ya kuaga Baltimore alisema, nusu kwa mzaha, kwamba mtu akipita miaka 60 hana tena manufaa kazini, na magazeti yakamwandama kwa muda mrefu. Tuzo haidai mtu asiye na doa.

Kamati inaweza kulipata jibu bila gharama kubwa. Iende wodini asubuhi bila taarifa, ione ni nani yupo kitandani pa mgonjwa na ni nani ametuma mwakilishi. Iwaulize wauguzi, ambao huyaona yale ambayo mwalimu hayafanyi mbele ya wakuu. Iwatafute waliohitimu miaka mitano iliyopita, walioko katika hospitali za wilaya, iwaulize ni sauti ya nani wanayoisikia akilini wanapomchunguza mtoto anayepumua kwa shida usiku wa manane. Barua ya daktari mmoja wa aina hiyo, ikieleza alifundishwa nini na vipi, naipa uzito kuliko makala kumi. Iwekwe juu kabisa ya jalada.